Mluzi Katika Wiki ya Jiji

3 Machi

Kitindamimba wetu,

Hujambo huko uliko? Sisi wa huku tunapumua. Shemeji yako hajambo, cherehani yake ndiyo mgonjwa. Inaruka mishono, naye anaigombeza kutwa kama mtoto mtukutu. Wapwa zako wanarefuka tu. Yule mkubwa sasa anavaa viatu vya baba yake na kuviharibu kabla ya mwenyewe kuvifaidi. Mama hajambo. Anachoka upesi, basi. Amepunguza na maneno siku hizi. Wewe uliyekuwa ukikimbilia uani akianza kukusema, ungefurahi.

Sasa nisikilize. Mama anataka tumkalie kaka yako matanga.

Usiniulize nani kamtia maneno, hakuna aliyemtia. Alikuwa anachambua mchele asubuhi, akasema, "Nataka kumlilia mwanangu." Nikadhani sikusikia vizuri. Akarudia, na mkono wake haukuacha kuchambua. Huu ni mwaka wa saba tangu kaka yako aje huko kupaka rangi mabango ya hiyo Wiki ya Jiji yenu. Tuliuliza polisi, tukauliza hospitali, tukauliza mpaka watu wakawa wakituona wanavuka barabara. Mama amechoka kumweka nusu hai nusu mfu. Akisikia hatua nje anainua kichwa, na sahani ya kaka yako mpaka leo hairuhusiwi kutumika.

Ila amesema hataanza bila wewe. Wanawe wa kiume ni wawili, mmoja hayupo, kwa hiyo huyo wa pili lazima awe amekaa hapa ndani mbele ya macho yake. Kwa hiyo njoo. Usihangaike na zawadi. Omba ruhusa, panda basi, njoo mwezi ujao.

Dada yako

*

22 Machi

Dada,

Barua yako imenifikia imechanika pembe, kama imepigana na mtu njiani, lakini maneno yote yalikuwamo. Namshukuru Mungu mko salama. Mwambie shemeji cherehani si ya kugombezwa, ni ya kutiwa mafuta. Mimi ni mzima. Bado nakaa kile chumba cha juu ya duka la fundi funguo, na kutwa nzima nasikia tupa lake likikwaruza. Nimezoea. Jumapili akifunga duka ndipo nashindwa kulala mchana.

Kazi imepamba moto. Wiki ya Jiji itakuwa mwishoni mwa Mei, na sisi wa vipaza sauti ndio tunaobeba kila kitu: ufunguzi uwanja mkuu, kwaya maktaba, maonyesho ya vitabu, siku ya kuchangia damu, mashindano ya dansi ya wazee, drafti, midahalo, na wapiga picha chini ya daraja. Msimamizi wetu tunamwita Mama Ratiba, kwa sababu hata ukimwamkia anaangalia kwanza kama salamu yako imo kwenye ratiba. Mwenzangu ni yule yule Nyaya, na bado anaongea na waya kuliko anavyoongea na watu.

Kuhusu lile la mama, dada, ngoja kidogo. Mtu hakaliwi matanga kwa kubahatisha. Nani amemwona kaka akiwa maiti? Nikikaa hapo na kumlilia, halafu akaingia mlangoni na kopo lake la rangi, nitamtazama na uso gani?

Unajua kwa nini nilikuja kuishi huku, na kwa nini nilichukua kazi hii na si nyingine. Walionipokea walinionyesha ubao aliokuwa akiupaka siku aliyopotea. Alikuwa anaandika KARIBU. Aliandika herufi nne, akashuka ngazi, akaiacha imeegemea ukuta na brashi ikiwa bado mbichi. Hizo mbili za mwisho alizimalizia mtu mwingine kwa rangi isiyolingana, na mpaka leo ubao ule unatolewa stoo kila mwaka. Kila mwaka nasimama mbele yake. Kama atarudi popote, atarudi kwenye Wiki. Siwezi kukosa.

Mpe mama mkono wangu.

Mdogo wako

*

12 Aprili

Wewe kichwa ngumu,

Salamu zako zimefika na zimegawanywa. Shemeji yako ametia mafuta cherehani, sasa inaruka mishono kwa kuteleza. Mwanangu mdogo alianguka akang'oka jino, analionyesha kila mgeni. Mama ana kikohozi cha kooni na sauti imekauka, tunampa maji ya moto. Usianze kupaparika, nimekwambia ni kikohozi.

Nilimsomea barua yako. Nilipofika pale unapokataa nikaruka nikaenda kwenye salamu za mwisho. Unamjua mama, kusoma hajui, lakini alichukua karatasi, akaiangalia mbele na nyuma, akaniambia, "Mbona maandishi mengi na wewe umesoma machache?" Akaikunja, akaiweka chini ya mto. Hajaniuliza tena, na hilo ndilo linanitisha.

Ati kaka yako akiingia mlangoni utamtazama na uso gani! Akiingia mlangoni tutachinja, tutacheka, tutamzaba kofi moja kila mtu kwa zamu. Kuna matanga gani yasiyofutika kwa mtu kurudi? Mama hatangazi chochote serikalini. Anataka kulia tu, akiwa na mtoto wake pembeni. Ni jambo dogo mno kuombwa na mama yako.

Nakubembeleza sasa, kesho nitakutukana. Njoo.

Dada yako

*

6 Mei

Dada,

Hamjambo nyote? Mpe pole mwenye jino. Mama aendelee na maji ya moto, na asikae kwenye upepo wa mlango wa nyuma, namjua.

Nimefikiri sana. Wiki ikiisha tu, nakuja. Naapa. Tunafunga Jumamosi, Jumapili tunashusha spika, Jumatatu niko kwenye basi. Ni majuma machache, dada. Mama amesubiri miaka saba, hatashindwa kusubiri Wiki moja.

Tumeanza kujenga majukwaa. Jana nilimwona mtu juu ya ngazi anapaka rangi, amenipa mgongo, na kola ya shati lake imesimama upande mmoja kama ya kaka. Nilisimama pale mpaka akageuka. Alikuwa mtu mwingine tu, akaniuliza kama nimepotea. Nikamwambia hapana, naangalia rangi. Roho yangu haijatulia tangu hapo, sijui kwa nini nakwambia.

Mdogo wako

*

18 Mei

Mdogo wangu,

Sote tupo.

Usingoje Wiki iishe. Acha hizo spika, njoo sasa. Sina la kuongeza, na usiniandikie kuniuliza kwa nini. Njoo tu, nakuomba kwa maziwa tuliyonyonya.

Dada yako

*

Jumanne, 27 Mei

Dada,

Nisamehe, salamu leo nafupisha. Muwe wazima wote. Barua yako fupi ninayo mfukoni. Nilipoisoma nilidhani umeshaanza kunitukana kama ulivyoahidi. Sasa naona labda hata wewe ulihisi kitu.

Kaka yuko hai. Yupo hapa mjini.

Soma mpaka mwisho kabla hujasema nimerukwa na akili. Jumapili tulifungua Wiki. Uwanja mkuu ulijaa, watoto juu ya mabega, wauza maputo, wakubwa kwenye viti vya vitambaa. Mimi nilikuwa nyuma kwenye meza ya mitambo, nimevaa zile spika ndogo za masikioni. Kazi yetu ina kanuni kwamba kila tukio linarekodiwa kwenye kanda, hata hotuba ambazo mwenyewe aliyezitoa hatapenda kuzisikia tena. Bendi ya matarumbeta ikamaliza, watu wakapiga makofi, na chini ya yale makofi nikasikia mluzi.

Unakumbuka baba alivyokuwa akituita toka barabarani. Kila mtoto na mluzi wake. Wako ulikuwa mmoja mrefu, wa kaka miwili mifupi, na wangu miwili ya chini na wa tatu unaopanda na kubaki huko huko juu. Na baba hakutaka mtu aitike kwa mdomo. Alitaka umwone umekuja. Basi, dada, nilichosikia ni wangu. Chini, chini, halafu ule unaopanda. Miguu yangu ilisimama kabla sijaiambia.

Sasa fikiri na wewe. Nani duniani anaujua mluzi ule? Baba tulimzika. Wewe hujawahi kuweza, unatema mate tu. Mama alikuwa akimcheka baba kwamba mluzi ni wa wanaume na mabirika. Amebaki nani? Niambie amebaki nani.

Jana ilikuwa siku ya kuchangia damu na mdahalo wa vijana. Nikausikia tena, mara tatu, upande wa mahema. Niliacha meza nikaenda mbio. Nikamkuta mtu mwenye suruali imejaa madoa ya rangi, nikamshika bega kwa nguvu mpaka akapiga kelele. Hakuwa yeye. Alikuwa ametoka kutolewa damu, maskini, akakaa chini kwa kizunguzungu, na wauguzi wakanifukuza kama mbwa. Nikiwa naomba radhi, mluzi ukalia tena, nyuma yangu, nilikotoka.

Nimemvalisha Nyaya zile spika, nikairudisha kanda nyuma. Akasikiliza amefumba macho. Akasema anasikia watu, anasikia mtoto analia, anasikia tarumbeta moja imechelewa. Nikamwambia, hapo, hapo hasa! Akazivua kwa upole na kuniambia nikanywe chai. Lakini mimi nausikia, dada. Ndani ya kanda na nje ya kanda.

Kwa hiyo unaona haiwezekani kuja sasa. Kaka ananiita na mimi niondoke? Mwambie mama asubiri. Mwambie nitamletea mwanawe, hatutalia tena hata siku moja.

Mdogo wako

*

Jumapili, 1 Juni

Dada,

Nawasalimu. Nimepata telegramu yako jana. Ililetwa uwanjani tukiwa tunafungua jukwaa la mwisho, Mama Ratiba akanikabidhi mbele ya watu. Sijaifungua. Usikasirike. Najua imeandikwa nini: njoo, njoo, njoo. Nimeiweka kwenye mkoba wa vifaa pamoja na bisibisi. Nikishamaliza hili nitaifungua mbele yako tucheke.

Nikwambie yaliyotokea. Jumatano ilikuwa maonyesho ya vitabu, na mluzi ulilia kutwa. Haukuwa na haraka. Unalia, unapumzika, unalia. Wakati mwingine ulitoka kwenye kwaya, wakati mwingine kwenye foleni ya watoto. Watu hawageuki. Nilisimama katikati ya watu elfu na nilikuwa peke yangu mwenye masikio.

Alhamisi ndiyo siku ya mashindano ya dansi ya wazee. Ungeyapenda. Bibi mmoja alivua viatu akamwambia mwamuzi avishike. Meya alikuja kugawa zawadi, akaanza hotuba, na hapo mluzi ukaja kwa nguvu kuliko siku zote, kama mtu yuko hatua mbili tu. Mkono wangu ukaenda wenyewe. Nikazima maikrofoni ya meya, nikawasha yangu, nikapiga mluzi wa kaka. Miwili mifupi. Ukapita kwenye spika zote, uwanja mzima, barabara za pembeni, nadhani hadi stesheni. Kisha nikasema, "Kaka, niko hapa kwenye mitambo. Njoo."

Watu wakapiga makofi. Walidhani ni burudani! Yule bibi wa dansi akanipungia mkono. Meya alikuwa bado anachezesha midomo bila sauti. Mama Ratiba alikuja juu yangu na karatasi zake zote, akaniambia kazi yangu inaisha Wiki ikiisha. Sikumsikia vizuri, nilikuwa nasubiri jibu.

Likaja. Lakini haukuwa mluzi wa mtu aliyesikia. Ulikuwa ule ule wangu, chini, chini, juu, kama mtu asiyejua kwamba nimemjibu, anaita tu. Na ulikuwa umechoka, dada. Pumzi inakatika katikati. Nikajua kaka ni mgonjwa, amelala chumba fulani cha mji huu na dirisha wazi.

Ijumaa tulikuwa maktaba na kwaya za shule. Mchana, katikati ya wimbo, ukaanza. Mmoja wa chini. Wa pili wa chini. Nikangoja ule unaopanda. Wimbo ukaisha, watu wakatoka, wakaanza kukunja viti, na mimi bado nimesimama naungoja. Haukuja. Jana haukulia kabisa, na leo tumeshusha spika zote na uwanja una makaratasi tu.

Nitaanza kupita mitaa ya nyuma ya maktaba, mlango kwa mlango. Naogopa nimechelewa. Naomba dua zako, na za mama zaidi. Yeye akimwombea atapatikana.

Mdogo wako

*

15 Julai

Mdogo wangu,

Shemeji yako anakusalimu. Watoto wanakusalimu. Mimi nakusalimu.

Barua yako ya mwisho ilitukuta bado tuna viti vya kuazima uani. Nilisoma kwamba hukufungua telegramu, nikaichana barua vipande viwili, kisha nikaiunganisha kwa uzi wa shemeji yako. Ndiyo maana nimekaa kimya hivi. Kila nilipochukua kalamu nilikuwa nataka kukuumiza, na sikutaka maneno yale yakufikie ukiwa peke yako kwenye hicho chumba chako cha matupa. Sijui kama umeshaifungua. Kama bado, iache. Nisikie mimi.

Mama amefariki, mdogo wangu. Alifariki Ijumaa, mchana, siku moja kabla ya telegramu ile.

Haikuwa kikohozi. Alikuwa na uvimbe kooni, na daktari alituambia mapema mwaka huu kwamba hauondoleki. Nilitaka kukuandikia siku ile ile. Mama akanikataza, akaniapisha na mkono kichwani kwa mwanangu. Alisema, "Akija kwa ajili yangu, atanizika mimi na kurudi kule kumtafuta mwenzake mpaka naye azeeke. Mwache aje kwa ajili ya kaka yake. Tumlilie pamoja, aache kumtafuta, ndipo mimi niondoke." Kwa hiyo ukiona nilikuwa nakuita bila kukupa sababu, sababu ilikuwa imekaa mbele yangu inaniangalia ninavyoandika. Ile barua fupi niliiandika jikoni, nimejificha, na hata hivyo sikuthubutu.

Sauti yake ilikwenda kidogo kidogo, mwishoni ikaisha kabisa. Akitaka kitu anapiga kijiko kwenye kikombe. Tulizoea.

Sasa kuna jambo ambalo sikujua nikuandikie au nife nalo. Shemeji yako alisema nikuandikie.

Jumapili ile, ya ufunguzi wa Wiki yenu, aliamka akaonyesha mlango. Tukamtolea kiti. Akakaa, shuka mabegani. Nikamwona anakunja midomo. Nikadhani anataka maji, nikamletea, akasukuma kikombe. Akapuliza, ikatoka hewa tupu. Akalamba midomo, akapuliza tena.

Ulikuwa mluzi wako. Miwili ya chini na ule unaopanda. Haki ya Mungu, kama baba amesimama barabarani. Mikono yangu ilikuwa na sabuni, nikasimama hivyo hivyo mpaka sabuni ikakauka. Miaka yote anamcheka baba kwa mabirika yake, kumbe aliushika kuliko sisi wote. Nikamwambia, "Mama, yuko mbali, hawezi kusikia." Akanitazama kama mimi ndiye mgonjwa, akaendelea.

Akaita Jumapili yote. Jumatatu akaita. Watoto wa jirani walikuja kuangalia, nikawafukuza. Akichoka anapumzika, anaanza tena. Alhamisi aliita kwa nguvu mpaka nikaogopa mshipa utapasuka, halafu akakaa ameinamisha kichwa kama anasikiliza. Nikamuuliza unasikiliza nini. Akatabasamu. Tangu kaka yako apotee sijawahi kumwona akitabasamu vile.

Ijumaa hakuweza kukaa, tukamlaza karibu na mlango. Alipiga wa kwanza. Akapiga wa pili. Nikainama nimsaidie kuinua kichwa.

Niliposoma barua yako nilikaa sakafuni. Shemeji yako aliisoma juu ya bega langu, akatoka nje akaenda akasimama barabarani, mwanaume mzima, anatazama upande wa mjini.

Nakulaumu. Siwezi kukudanganya. Nakulaumu na nakuhurumia, vyote viko ndani ya kifua kimoja na havipatani. Alikuita na ukasikia, mtu gani mwingine duniani amepewa hilo? Na wewe ukasimama unamtafuta mwingine. Lakini pia mimi nilikuwa pale, naweza kuandika, na sikuandika. Kwa hiyo usijipige peke yako.

Kuhusu kaka yako, mama hakuwahi kumlilia. Nilimlilia mimi, siku hiyo hiyo, kwenye matanga hayo hayo ya mama. Watu walidhani namlilia mama tu. Mpaka siku ya kuanua matanga walikuwa wananisifu kwamba nina uchungu wa mzazi. Sikumweleza mtu. Sahani yake nimeiosha, watoto wanaitumia.

Sasa umebaki wewe. Sikuiti tena, mdogo wangu. Njia unaijua.

Dada yako

*

3 Agosti

Dada,

Nawasalimu wote. Mshike shemeji mkono kwa niaba yangu, umwambie nimejua aliposimama.

Telegramu sikuifungua. Ulisema nisikie kwako, nimesikia.

Barua yako niliisomea dukani kwa fundi funguo, hata ngazi sikuipanda. Akaacha tupa lake. Akavuta pazia la duka nusu, akakaa. Tulikaa hivyo mpaka wateja wakaanza kugonga.

Kazi nimeacha. Mama Ratiba alinifukuza, halafu akanirudisha, halafu nikaacha mwenyewe. Nyaya alitaka kunipa zile kanda, kasema ofisi haitazikosa. Nimekataa. Nilizisikiliza mara moja zaidi, zote, kutwa nzima, kabla ya kuzirudisha. Nilisikia watu. Nilisikia mtoto analia, na tarumbeta moja iliyochelewa.

Nimelia sana, dada. Nimemlilia mama kwa sauti mpaka jirani akagonga ukuta. Na niliponyamaza nikaona bado kuna kilio kingine chini yake, cha siku nyingi, kimekaa tu kinanisubiri. Kaka amekufa. Sijawahi kuliandika neno hilo wala kulitamka. Alishuka ile ngazi na akafa mahali fulani katika mji huu, na hakuwa na mtu pembeni, na hakuniita. Hajawahi kuniita hata mara moja. Miaka yote hii nilikuwa najiita mwenyewe. Aliyeniita alikuwa mmoja tu, na sikuwahi kwenda kwake bila kulalamika tangu nikiwa mtoto. Aliniita koo likiwa limeharibika, na mimi nikamwambia kwenye barua asubiri.

Nilitaka kuandika kwamba sikujua. Lakini baba hakutufundisha kujua nani anaita, alitufundisha kuja.

Nimefunga virago. Basi linaondoka Jumatano, nitakuwa nyumbani Alhamisi. Usipike, usiwaite watu, usinipokee stendi. Niwekee kiti mlangoni, pale pale alipokaa, na ukae karibu nami. Unionyeshe alikuwa anatazama upande gani.

Mdogo wako